Kimo Kinachopotea: Habari za Mpira Unaodunda

Mpira wa miguu unaotaka idhini ya daraja la juu ya Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, hauingii uwanjani kabla ya kupita katika mitihani kadhaa ya maabara, na mmojawapo wa mitihani hiyo, ulio mwepesi kuuelewa kuliko yote, ni huu: mpira hujazwa upepo kwa kipimo kilichoamriwa, ukainuliwa mita 2 juu ya bamba la chuma, ukaachiwa uanguke wenyewe pasipo kusukumwa, kisha ikatazamwa utarudi juu kiasi gani. Ukishindwa kufika sentimita 135 hukataliwa kwa uzito wake wa kudunda, na ukizidi sentimita 155 hukataliwa kwa wepesi wake. Walakini msomaji aliye makini ataona kwamba ndani ya sharti hili mna jambo lililonyamaziwa, nalo ni kubwa kuliko sharti lenyewe, yaani hakuna mtu anayedai kwamba mpira urudi mita 2 kamili. Watunga kanuni, mafundi wanaoshona mipira na wachezaji wanaoipiga, wote wamekwisha kukubali kwamba robo moja hivi ya kimo itakwenda na haitarudi tena.

Inakwenda wapi? Swali hili, ambalo mtoto yeyote aweza kuliuliza na ambalo aghalabu hunyamazishwa kwa kuambiwa kwamba mpira umechoka, liliwashughulisha maulamaa wa Ulaya tangu karne ya 17 hata katikati ya karne ya 19, na jawabu lililopatikana ni mojawapo ya nguzo zinazoshikilia elimu yote ya maumbile tuliyo nayo leo. Naliona kuwa swali linalostahili heshima, na ningependa tulifuate hatua kwa hatua, kwani hakuna chombo kilicho rahisi kupatikana kuliko mpira, na ni vichache vinavyofundisha mengi kama huo.

Tuanze na kuanguka kwenyewe. Mpira wa gramu 430 ukiinuliwa mita 2, mkono ulioinua umefanya kazi dhidi ya mvutano wa dunia, na kazi hiyo haikupotea kwa sababu mpira umetulia huko juu: imewekwa, nayo huitwa nishati tuli, kiasi cha jouli 8 na nukta 4. Mara mkono unapoachia, nishati hiyo huanza kugeuka kuwa nishati mwendo, kidogo kidogo kwa kadiri mpira unavyoteremka, hata ufikapo chini kimo chote kimekwisha na mahali pake pana mwendo wa mita 6 na robo kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 22 kwa saa. Hewa inayopishana nao njiani hula sehemu ndogo mno, isiyofaa kutiwa hesabuni katika kimo kifupi namna hii.

Kisha hutokea jambo ambalo jicho haliwezi kulidiriki, maana huanza na kwisha katika muda wa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Mpira hugusa bamba, upande wake wa chini hubonyea na kuwa bapa, hewa iliyomo ndani husongwa, ngozi na kibofu hupindwa na kuvutwa, na mwili wa mpira huendelea kushuka kama sentimita moja na nusu zaidi kabla ya kusimama kabisa. Katika dakika hiyo ya kusimama, kama yafaa kuiita dakika, mpira hauna kimo wala mwendo, na karibu nishati yake yote imo katika hewa iliyosongwa na ngozi iliyopindwa. Bamba nalo, kwa kuwa halipenyeki, huusukuma mpira kwa kani ambayo kwa wastani ni sawa na uzito wa kilo 50, yaani zaidi ya mara mia uzito wa mpira wenyewe, na ni kani hiyo inayousimamisha, kisha ikaurudisha ulikotoka. Hewa inapotanuka na ngozi inapojinyoosha, nishati iliyokuwa imejificha hutoka tena ikawa mwendo wa kwenda juu. Sisi husema mpira umeruka, lakini kwa insafu ilipasa kusemwa kwamba mpira na ardhi vimesukumana, kila kimoja kwa kani ile ile, ila ardhi kwa adhama yake haikusogea kiasi cha kuonekana.

Lau yote yaliyoingia yangalitoka, mpira ungaliondoka kwa mwendo ule ule ulioingia nao na ungalipanda hadi pale pale ulipoachiwa. Haiwi hivyo. Mpira unaopanda hadi sentimita 145 umeondoka chini kwa mwendo wa mita 5 na theluthi kwa sekunde, na huo ni asilimia 85 ya mwendo uliofika nao. Uwiano huu wa mwendo wa kuondoka kwa mwendo wa kufika ndio tabia ya mpira, nasi tuuite uwiano wa mdundo. Kimo nacho hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo mpira unaotunza asilimia 85 ya mwendo wake hutunza kama asilimia 72 tu ya kimo, na ukiachwa udunde wenyewe utapanda sentimita 145, kisha 105, kisha 76, kisha 55, kisha 40, kila mara ukiacha nyuma sehemu ile ile ya ulichobaki nacho.

Hapa pana jambo la kustaajabisha ambalo hisabati hulitoa bila kuombwa. Ikiwa kila mdundo huacha kitu, na kitu kilichobaki hakifiki kamwe kuwa sifuri kwa kupunguzwa sehemu tu, basi mpira katika hesabu hudunda mara zisizo na idadi, ilhali muda wa midundo hiyo yote ukijumlishwa hautimii hata sekunde 8. Sikio hulijua jambo hili kuliko jicho: mapigo huanza kwa utulivu, yakakaribiana, yakawa mbio, yakaungana kuwa mtetemo, kisha kimya. Katika mpira wa kweli uwiano hubadilika kidogo kwa kadiri mwendo unavyopungua, na midundo ya mwisho huwa midogo kuliko kubonyea kwa mpira wenyewe, ndipo mdundo unapokoma na mpira ukakaa.

Aliyepima uwiano wa namna hii na kuutangaza kwa hesabu ni Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu kilichochapishwa mwaka 1687. Yeye hakudondosha vitu sakafuni. Alining'iniza tufe mbili kwa nyuzi za futi 10, akaziacha zigongane, akapima kila moja imerudi umbali gani, huku akiwa mwangalifu hata kutoa katika hesabu yake kile kidogo kilichochukuliwa na upinzani wa hewa. Akaona kwamba tufe za sufu zilizosokotwa na kukazwa huachana kwa mwendo ulio kama 5 kwa 9 za mwendo ziliokutana nao, na tufe za kioo kwa 15 kwa 16. Wengi hushangaa kusikia kwamba kioo hudunda kuliko sufu, maana twaelekea kudhani kwamba kilicho laini ndicho kinachoruka. Lakini ulaini si unyumbufu. Kioo hubonyea kidogo mno, na kile kidogo kinachobonyea hukirudisha karibu chote. Sufu hubonyea sana na kurudisha haba.

Tufe ile ya sufu ni ndugu wa mpira wa matambara ambao watoto wa pwani na wa bara wameusuka vizazi kwa vizazi kwa soksi kuukuu, makaratasi, mifuko ya nailoni na kamba ya katani, wakachezea chandimu katika viwanja vya mchanga nyuma ya nyumba. Ukichukua uwiano wa Newton wa 5 kwa 9 na kuutia katika mraba, utaona kwamba kitu kilichoundwa namna hiyo hakirudishi hata theluthi moja ya kimo. Sababu yake imo ndani: mpira wa matambara hauna hewa iliyosongwa ya kuweka nishati, una maelfu ya nyuzi na mikunjo inayosuguana kila inapokandamizwa, na msuguano ni mahali ambapo nishati huingia kwa urahisi ikatoka kwa shida. Mtoto aliyelelewa na mpira kama huo hujifunza kuuweka miguuni, kwa pasi fupi na chenga za karibu, kwa kuwa hana mdundo wa kuungojea, na nathubutu kusema kwamba ustadi mwingi tunaousifu kwa wachezaji wetu ulizaliwa katika ukosefu huo wa mdundo.

Newton alipima kiasi kilichorudi, na vipimo vyake vyasimama hata leo. Kiasi ambacho hakikurudi ndicho kilichozua mabishano makali. Mwanafalsafa wa Kifaransa René Descartes alikuwa ameshika kwamba kipimo cha mwendo wa kitu ni ukubwa wake ukizidishwa kwa kasi yake. Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz akamkabili mwaka 1686 akisema kwamba kilicho cha kweli na kisichopotea ulimwenguni ni ukubwa ukizidishwa kwa mraba wa kasi. Watu walichukua upande, na kwa miaka mingi hoja zilipambana na hoja, hata Willem 's Gravesande wa Leiden, katika mwaka 1722, alipoacha maneno akadondosha tufe za shaba katika udongo laini wa mfinyanzi. Tufe iliyofika kwa kasi maradufu haikuchimba shimo maradufu, ilichimba mara nne. Bibi Émilie du Châtelet, mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa na elimu ya hisabati kupita wanaume wengi wa zama zake, aliitambua maana ya mashimo yale na kuitetea kwa ufasaha katika kitabu alichokitoa mwaka 1740, kabla hajakifasiri kwa lugha yake kitabu cha Newton, kazi aliyoikamilisha katika mimba ambayo uzazi wake ulimtoa duniani mwaka 1749. Naona ni dhuluma kwamba jina lake halisikiki madarasani.

Lakini udongo wa Leiden ulizidisha swali badala ya kulimaliza. Tufe iliyozama katika udongo haikudunda kabisa. Mwendo wote ulikwisha, na shimo halikurudisha kitu. Ikiwa Leibniz asema kwamba kipimo chake hakipotei, basi kimekwenda wapi? Jawabu alilolitoa yeye mwenyewe, katika barua za mwisho za uhai wake, ni zuri mno kwa wepesi wake: alisema nguvu ile haikuharibika, imetawanyika katika chembe ndogo ndogo za mwili uliogongwa, kama mtu anayebadilisha fedha kubwa akapewa sarafu ndogo za thamani ile ile. Hakuwa na njia ya kuzihesabu sarafu hizo. Aliamini tu kwamba zimo, na zaidi ya miaka 120 ilipita kabla ya kupatikana mtu wa kuzihesabu.

Mtu huyo alikuwa James Prescott Joule, aliyezaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1818, mwana wa mwenye kiwanda cha bia, ambaye hakuwa mwalimu wa chuo chochote na aliyefanya majaribio yake kwa mali yake. Katika miaka ya 1840 alifunga mawe ya mizani kwa kamba, akayaacha yateremke polepole, na kuteremka kwake kukazungusha makasia ndani ya chombo cha maji. Kisha akapima kwa kipimajoto cha usahihi mkubwa joto lililoongezeka majini. Akaona kwamba kazi ya kiasi fulani huzaa daima joto la kiasi fulani, pasipo kuzidi wala kupungua, liwe limepatikana kwa maji, kwa zebaki au kwa chuma kinachosuguliwa. Akathubutu hata kupiga hesabu kwamba maji ya maporomoko ya Niagara yapaswa kuwa na joto zaidi chini kuliko juu, kwa sehemu kama moja ya tano ya digrii ya Farenhaiti, kwa sababu ya kuanguka tu. Sarafu za Leibniz zikawa zimehesabiwa, na jumla yake ikalingana na fedha kubwa iliyovunjwa.

Sasa twaweza kuurudia mpira wetu juu ya bamba la chuma na kulijibu swali kwa tarakimu. Uliingia na jouli 8 na nukta 4, ukatoka na 6 na nukta 1, tofauti ni jouli 2 na kitu. Sehemu ndogo sana ya hizo ni ile sauti ya kishindo tunayoisikia, nayo yaonekana kubwa kwa kuwa sikio letu ni jepesi ajabu. Sehemu nyingine ni mtetemo uliobaki katika bamba na katika mwili wa mpira wenyewe. Na sehemu iliyo kubwa ni joto lililozaliwa katika ngozi na kibofu kwa kupindwa na kunyooshwa. Hata kama joto lote hilo lingalibaki katika mpira, lingaliupasha kwa sehemu chache za elfu moja ya digrii, na ndiyo maana hakuna kiganja kilichowahi kulihisi. Kimo cha sentimita 55 kinachoonekana na kila mtu kimegeuka kuwa joto lisilohisiwa na mtu yeyote, na hapo ndipo ilipokuwa siri iliyowashinda wakubwa wale wote.

Wachezaji wa skwoshi wanaijua habari hii kwa mikono yao. Mpira wao mdogo mweusi ukiwa baridi ni mzito wa kudunda, basi huupiga ukutani kwanza kwa muda, na kila pigo huacha joto lake ndani, hata mpira uwe moto na uchangamke, ndipo mchezo huanza.

Kitu chenyewe kinachoiwezesha mipira kudunda, yaani utomvu ulioganda, kina historia ndefu kuliko ya fizikia. Huko El Manatí, katika jimbo la Veracruz nchini Meksiko, zimefukuliwa katika tope tufe za mpira zenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, na uchunguzi umeonyesha kwamba wenyeji wa nchi zile walijua kuchanganya utomvu wa mti na maji ya mmea mwingine wa kutambaa ili tufe ipate unyumbufu. Mhispania Hernán Cortés alipowapeleka wachezaji wa huko Ulaya mwaka 1528, watu walitazama kitu ambacho hawakuwa na mfano wake. Pwani yetu nayo ilikuwa na mipira yake ya porini, mimea itambaayo mitini, mmojawapo ukipewa na wanabotania jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, na utomvu wake ulikuwa bidhaa ya majahazi na meli katika karne ya 19. Na katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili tamaa ya utomvu huo huo iliwagharimu watu mikono yao na roho zao, jambo ambalo haifai kulipita bila kulitaja. Utomvu mbichi huwa mgumu penye baridi na wenye kunata penye joto. Mmarekani Charles Goodyear ndiye aliyegundua, mwaka 1839, kwamba ukipikwa pamoja na kiberiti cha unga hupata siha ya kudumu, kwa kuwa kiberiti huzifunga pamoja nyuzi zake ndefu zilizo ndogo kupita kiasi.

Nyuzi hizo, ambazo ni molekuli, hulala zikiwa zimejikunja na kuvurugana, nazo hutikisika daima kwa ajili ya joto lililomo. Ukiuvuta mpira wazinyoosha, ukiuachia mtikisiko huo wa joto huzirudisha katika mvurugano wake. Tangu mwanzo wa karne ya 19 John Gough wa Kendal, Mwingereza aliyepofuka kwa ndui tangu utotoni, aliuvuta haraka ukanda wa mpira huku ameugusisha midomoni, akahisi umepata joto; alipouacha ujikunje akahisi umepoa. Kila msomaji aliye na ule mpira mwembamba wa kufungia noti aweza kufanya hivyo saa hii na kuhisi kwa mdomo wake badiliko la nishati ambalo kiganja hakiwezi kulihisi katika mpira wa miguu.

Mpaka hapa tumeusema mpira kana kwamba ndio wenye kula nishati peke yake. Hasha, sakafu nayo ni mshiriki. Mpira ule ule unaorudi sentimita 145 juu ya chuma, FIFA inataka juu ya uwanja wa nyasi bandia wa daraja la juu urudi baina ya sentimita 60 na 85 tu, na hilo halikuwekwa kwa bahati, limewekwa ili nyasi bandia zifanane na nyasi nzuri za asili, ambazo hupinda, zikasuguana, zikameza zaidi ya nusu ya kilicholetwa kwao. Mchanga mkavu wa ufukweni humeza karibu chote, kwa kuwa kila punje husogea na kumsugua jirani yake pasipo kurudi mahali pake, ndiyo sababu wachezao kandanda ufukweni huucheza mpira hewani. Uwanja mgumu wa udongo mwekundu uliokauka kwa jua, kinyume chake, hurudisha mengi, na kipa aliyezoea nyasi hutahayari mbele ya mdundo wake.

Na hewa iliyo nje ya mpira ina neno lake. Kanuni za mchezo zataka kanieneo ya ndani izidi ile ya nje kwa kiasi kilicho baina ya 0.6 na 1.1 ya kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Mpira uliojazwa Mombasa hata ukafika 1.0 kisha ukapakiwa garini kwenda Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hukuta huko hewa ya nje ni hafifu kwa karibu sehemu moja katika tano, na maadamu joto halikubadilika, mpira ule utakuwa umezidi mpaka wa sheria bila mtu kuugusa. Utakuwa mgumu zaidi, utadunda zaidi, na ukipigwa utakwenda mbali zaidi kwa kuwa hewa nyembamba huuzuia kidogo. Shirikisho la tenisi la dunia limeitambua hali hii hata likaruhusu mipira ya namna ya pekee katika miji iliyo zaidi ya mita 1,219 juu ya bahari.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa laonyesha nishati ikihama kutoka mwili hadi mwili mchana kweupe. Chukua mpira wa kikapu, uweke juu yake mpira wa tenisi, uiachie yote miwili pamoja kutoka usawa wa kiuno, ikishuka mmoja juu ya mwingine. Mpira wa kikapu hautadunda sana. Ule wa tenisi utafyatuka juu kwa kasi ya kutisha, ukapita mbali kimo ulichoachiwa, na anayefanya jaribio hili ndani ya nyumba ataupata darini. Wala asiinamishe uso juu yake. Mtu asiyefikiri atasema hapo nishati imezaliwa pasipo chanzo. Haikuzaliwa. Mpira wa chini umegonga sakafu kwanza na kugeuka kwenda juu, ilhali wa tenisi bado unashuka. Basi wakutana ana kwa ana, kila mmoja kwa kasi aliyoshuka nayo, na kwa yule mdogo ukuta anaougonga si sakafu iliyotulia, ni ukuta unaomjia. Kasi wanayokaribiana nayo ni maradufu. Wakiachana pasipo hasara, na wa chini akiwa mzito kupita kiasi, mdogo ataondoka kwa mara tatu ya kasi aliyokuja nayo, na kwa kuwa kimo hufuata mraba, atapanda mara tisa ya kimo alichoachiwa. Mipira ya kweli ina uzito wake na hasara zake, kwa hiyo mara tisa haifikiwi, lakini hata mara tatu yatosha kumshangaza mtu.

Mzuri zaidi ni uwiano wa 3 kwa 1. Ikiwa mpira wa chini una uzito mara tatu hasa ya ule wa juu, na hasara ikawa hakuna, wa chini husimama palepale sakafuni, hauna mwendo hata chembe, na nishati yote ya wote wawili huchukuliwa na mdogo, naye hupanda mara nne ya kimo cha mwanzo. Piga hesabu uone: vipande vinne vya uzito vilishuka kimo kimoja, kipande kimoja kimepanda vimo vinne. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokipeleka chombo cha Voyager 2, kilichorushwa na Marekani tarehe 20 Agosti 1977, hata kikafika mahali ambapo moto wake wa kurushia usingaliweza kukifikisha. Kilipita karibu na sayari ya Mshtarii mwaka 1979, kisha Zohali mwaka 1981, na katika kila moja ya sayari hizo mbili kilivutwa, kikageuzwa na kuachiwa kikiwa na kasi zaidi kuliko kilivyokuja, kwa kuwa sayari yenyewe ilikuwa mwendoni kulizunguka jua, kama vile mpira wa kikapu ulivyokuwa ukipanda. Hakikugusa kitu, mvutano ulifanya kazi ya mgongano. Sayari ilipoteza katika mwendo wake kiasi kile kile ilichokitoa, ila kwa ukubwa wake hakuna chombo kiwezacho kukipima. Chombo kikafika sayari ya saba, Uranus, mwaka 1986, na Neptune mwaka 1989.

Nimeyaandika haya nikiwa na ombi kwa walimu wa sayansi wa shule zetu. Wanafunzi wengi huikariri sheria ya kuhifadhiwa kwa nishati kwa moyo, wakaiandika vyema katika mtihani, na hawajapata hata siku moja kuiona ikifanya kazi, eti kwa sababu shule haina maabara. Mpira upo katika kila shule. Mwanafunzi mmoja asimame na futi ya fundi cherehani ukutani, mwingine adondoshe, wa tatu aandike; wapime juu ya saruji, juu ya mkeka, juu ya mchanga, wapime mpira uliokaa juani na uliokaa kivulini, wapime wa ngozi na wa matambara. Palipo na simu, irekodi sauti ya midundo, kisha ihesabiwe nafasi kati ya pigo na pigo, kwani kila nafasi ikigawanywa kwa ile iliyoitangulia hutoa uwiano wa mdundo wenyewe, na kipimo hicho ni sahihi kuliko cha jicho. Wakishaona kimo kinapungua, mwalimu asiwaambie kilikokwenda. Awaulize, na awape wiki nzima ya kutafuta.